Mjomba wa Mgonjwa

Waliokuja kutupa pole waliniuliza swali lile lile: dada aliugua nini? Niliwajibu kwamba moyo ulisimama akiwa chuoni, ameketi mezani pake, miwani ikiwa bado usoni. Waliridhika, maana kifo kikishapata jina watu hupumua. Lakini mimi niliyekaa naye nyumba moja tangu mume wangu alipofariki najua kwamba dada hakuugua. Alichoka. Alilika kidogo kidogo kama kisu kinavyolika kwenye jiwe la kunolea, na Mwenyezi Mungu alipoona kumebaki mpini mtupu, akauchukua. Kazi ya Mungu haina makosa.

Siku ya mazishi mchungaji alimsifu vizuri. Alisema alikuwa mpole. Hakuwa mpole. Alikuwa mtu aliyechoka mno kupaza sauti, na watu wengi hawajui kutofautisha.

Dada alikuwa mwalimu wa wauguzi. Alifundisha yote ambayo wauguzi hufundishwa, kupima joto, kufunga kidonda, kumgeuza mgonjwa asiyejiweza ili mgongo usioze, lakini somo alilolipigania lilikuwa moja: namna ya kuwauguza watu wasiofanana na sisi. Katika mji wetu watu hao ni wale wa matanurini, ng'ambo ya reli. Babu zao walishuka kutoka milimani wakitafuta kazi, wakafyatua na kuchoma matofali yaliyojenga nusu ya mji, hospitali ikiwemo, na hadi leo wana lugha yao, wana makaburi yao, na huku mjini wanasemwa kila neno. Mtoto akirudi nyumbani amejaa vumbi anaulizwa kama amehamia matanurini. Akikataa kuoga anaambiwa atapelekewa mchumba kutoka huko.

Kwao mgonjwa haambiwi ugonjwa wake na mtu baki. Ukimtazama usoni ukamwambia una ugonjwa fulani, kwao hujampa taarifa, umemtamkia kifo. Habari nzito inapita kwanza kwa mtu wake, na huyo ndiye anayeibeba na kumfikishia kwa namna yao. Dada alipokuwa bado muuguzi wa kawaida wodini aliwaona wakiinuka vitandani na kuondoka, mmoja baada ya mwingine, na hakujua kwa nini. Aliyemfungua macho ni binti mmoja aliyeambiwa na daktari kwamba ana kifua kikuu. Ni ugonjwa wa vidonge, unapona. Binti alimsikiliza daktari hadi mwisho, akamshukuru, akakunja shuka yake vizuri, akaenda kulala kwao akingoja kufa. Na akafa. Wodini walisema ni ujinga. Dada alisema sawa, ni ujinga, lakini ni wa nani?

Neno hilo lilimponza. Alipohamia kufundisha alimwandama mkuu wa chuo mpaka akapewa saa moja kwa wiki, nayo ilikuwa saa ya mwisho Ijumaa, wanafunzi wameshashiba, macho yamelegea. Wenyewe waliliita somo la usingizi. Walimu wenzake walimwita Mama Mila, na hawakumwita hivyo kwa heshima. Wakimwona anakuja walikuwa wakitaniana kwamba iko siku Mama Mila atawafundisha wauguzi kupiga ramli. Alicheka nao, akaja nyumbani, akavua viatu, akakanda miguu yake.

Lakini alilishika somo lile. Alikwenda matanurini kila alipopata nafasi, akakaa na wanawake wanaobeba matofali, akauliza, akarudi. Mwisho akatunga kanuni fupi ili wanafunzi wasiisahau hata wakisinzia: kabla ya mgonjwa, mzee wake. Yaani ukiwa na habari nzito juu ya mtu wa matanurini, mtafute kwanza mzee wa ukoo wake, umwambie yeye. Wanafunzi waliiimba kama kibwagizo. Niliwahi kupita chuoni kumpelekea chakula nikawasikia darasa zima wakiitikia, naye amesimama mbele anatabasamu. Ni mara chache sana nilimwona anatabasamu kazini.

Miongoni mwa wanafunzi hao alikuwapo binti mmoja aliyempa jina la Kiherehere. Ndiye aliyekuwa hasinzii. Dada akiuliza swali, mkono wake uko juu kabla swali halijaisha. Akitumwa kuleta bandeji anakimbia, akirudi anakimbia, na katikati amemsalimu kila mgonjwa. Dada alimlalamikia kila jioni. Alisema, "Mdogo wangu, yule mtoto atanimaliza. Anaokota kila neno langu kama kuku na punje." Lakini nilijua anampenda. Aliponiambia ndoto yake ni siku moja kumwachia mtu somo lile na yeye apumzike, sikuuliza ni nani.

Sasa nieleze habari ya mguu, maana ndiyo iliyomla dada kuliko nyingine zote.

Alilazwa mtu wa matanurini, mwenye tanuri lake mwenyewe, mtu wa makamo, ana mke na watoto. Alikuwa na kisukari bila kujua. Tofali lilimwangukia mguuni, kidonda hakikupona, na alipoletwa hospitali vidole vilikuwa vimeshakuwa vyeusi na harufu imeenea wodi nzima. Walimlaza kitanda cha dirishani kwa ajili ya harufu hiyo. Daktari alisema mguu ukatwe kwenye kifundo, haraka, sumu isije ikapanda. Kiherehere alikuwa zamu katika wodi ile. Alimkumbusha daktari kanuni ya Mama Mila, na daktari, ambaye alikuwa na wagonjwa wengi kuliko subira, akamwambia basi atafute huyo mzee, ila afanye hima.

Alikuja mtu mzima kumletea mgonjwa sabuni na nguo safi. Kiherehere alimwuliza yeye ni nani kwa mgonjwa. Akasema ni baba yake mdogo. Binti akaona Mungu amejibu. Alimpeleka pembeni ukumbini, kwa adabu zote, sauti ya chini, akamwambia kwamba mguu usipokatwa mgonjwa atakufa.

Yule mtu aliangusha sabuni. Alimwambia, "Umeniua, binti," kisha akageuka na kutoka bila hata kumuaga mgonjwa. Mgonjwa alikuwa anatazama kupitia mlango uliokuwa wazi. Aliona nani ameambiwa na aliona alivyotoka. Hakuuliza neno. Alasiri hiyo mkewe alifunga mzigo, vijana wa matanurini wakaja na mkokoteni, wakambeba na dripu bado imechomekwa mkononi. Muuguzi wa zamu aliwakimbilia hadi getini ili walau aitoe sindano.

Kiherehere alikuja nyumbani kwetu jioni ile na sare yake. Alisimama mlangoni, hakutaka kuketi. Alimwambia dada yote yaliyotokea, na mwisho akasema, "Mwalimu, nilifanya vile vile ulivyotufundisha."

 Dada aliniambia nimpe binti chakula. Binti alisema hana njaa, dada akasema hajaulizwa kama ana njaa. Basi tukala watatu, na kila mara Kiherehere alipotaka kuanza kueleza tena, dada alimsogezea sahani.

Kulipokucha tulikwenda ng'ambo ya reli. Nilimsindikiza kwa sababu miguu yake ilikuwa imevimba na sikupenda aende peke yake. Matanurini kuna joto hata asubuhi, udongo umefinyangwa pembeni, matofali mabichi yamepangwa juani, na moshi unakaa kifuani kama mkopo. Mke wa mgonjwa alikuwa bombani anachota maji. Alituona, akaendelea kuchota hadi ndoo ikajaa. Hakutukaribisha ndani. Dada alimwamkia, akamwambia amekuja kujua wamekosea wapi.

Yule mama aliongea taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto wa mwenzake. Alisema mume wake akifa, baba mdogo ndiye mrithi. Atachukua tanuri, atachukua watoto, na yeye mwenyewe mama atahamia kwake. Ndiyo maana mtu huyo ndiye wa mwisho kabisa kuambiwa ugonjwa. Wanaume wa upande wa baba hawapewi habari ya kifo kinachokuja, maana ni kama kumwonyesha mtu mlango na kumpa ufunguo. Habari hupewa upande wa mama, ambao hauna cha kurithi ila msiba. Hupewa mjomba.

"Mmemwambia kifo cha mume wangu mtu wa kukila," alisema. "Sasa mume wangu anaona ukoo mzima umeshakaa kikao. Na yule baba mdogo masikini ya Mungu amejifungia ndani, anaogopa akikutwa hata anapita hapa watu watasema amekuja kuchungulia."

Dada alikaa juu ya rundo la matofali. Hakukaa kwa kupenda. Nilimwona amekuwa mdogo ghafla. Miaka yote aliyokwenda kule kuuliza, walimwambia mzee wa ukoo, naye akaandika moyoni mzee wa ukoo, wala hakuuliza mzee gani, kwa sababu kwetu sisi mzee ni mzee. Wao hawakumfafanulia kwa sababu kwao hakuna mtu mzima asiyejua. Na kwa bahati, wagonjwa wote wa nyuma walikuwa wameletwa na wajomba zao.

Alimwuliza yule mama kama mjomba yupo. Mama akacheka kicheko kikavu. Alisema yupo, na ni afadhali asingekuwapo. Marehemu mama mkwe wake alipofariki, mgonjwa aliharakisha maziko kwa sababu ya joto, wakamzika dada wa mtu kabla kaka hajafika. Kwao mjomba ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Mjomba alikuta kaburi limeshasawazishwa. Alikung'uta viatu vyake reli inapopita akaapa hatavuka tena, na hajavuka. Ana kibanda cha kutengeneza baiskeli upande wa pili wa mji.

Tukatoka hapo moja kwa moja kwenda kibandani. Nilimwomba dada tupite nyumbani apumzike kidogo. Alisema akilala hataamka, na hakuwa akitania.

Mjomba alikuwa mzee mwembamba, mikono myeusi kwa grisi, ameinamia beseni la maji anatafuta tundu kwenye mpira wa baiskeli. Aliuzamisha mpira, akautazama, akausogeza. Dada alijitambulisha, akaeleza mgonjwa alipo na hali yake. Mzee hakuinua kichwa. Alisema anasikitika kusikia hivyo, ila yeye hana mpwa. Alikuwa naye, wakamzika siku moja na mama yake.

Dada akamwambia kwamba yaliyopita si ndwele.

"Hiyo husemwa na aliyekanyaga," alisema mzee. "Aliyekanyagwa bado ana ndwele. Walipokuwa wanazika walijua njia ya kufupisha. Leo kuna mzigo wa kubeba ndiyo wamekumbuka nina mabega."

 Dada aligeuza kreti la soda lililokuwa pale akalikalia bila kukaribishwa. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea, na wala hakukisema kwa ujanja, maana hakuwa na nguvu ya ujanja. Alisema hao wa matanurini hawakumtuma. Amekuja kwa kosa lake. Yeye ndiye aliyewafundisha wauguzi wampe habari mzee yeyote, na kwa maneno yake mwenyewe binti wa watu amempa baba mdogo.

Mzee aliacha beseni. Alimtazama kwa mara ya kwanza.

"Baba mdogo?"

"Baba mdogo."

"Na hilo umelifundisha muda gani?"

"Miaka mingi, mzee wangu. Darasa zima wanaliimba."

"Na bado wanakuita mwalimu?"

"Wananiita."

"Na unaitika?"

"Naitika," alisema dada.

Mzee alianza kucheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa mkono wenye grisi, akajipaka shavuni. Alisema amewahi kumwona fundi aliyefunga mnyororo kinyume, lakini hajawahi kumwona aliyefungua chuo cha kufunga kinyume. Dada naye akacheka, kicheko cha mtu aliyeishiwa, na sijui kicheko kile kiligeuka lini kuwa machozi, maana nilipomtazama tena alikuwa ameuficha uso kwenye viganja.  Mzee aliutoa mpira majini, akaufuta, akauning'iniza. Alisema mtu anayelia kwa kosa lake mwenyewe amemwona leo. Kule ng'ambo ya reli hakuwahi kumwona hata mmoja. Akaingia ndani kutafuta shati.

Aliweka sharti. Mjomba hatamki habari kwa kupita tu kama mwenye kuuza magazeti. Lazima alale na mgonjwa usiku mmoja, chini, karibu na kichwa chake, na aseme asubuhi, baada ya kuamkiana. Dada alimwambia sawa, ila mgonjwa arudi hospitali kwanza ili dawa zianze. Mzee alivuka reli. Sikumwona alivyovuka kwa kuwa alitangulia haraka. Tulipofika, alikuwa ameshaingia ndani, na hatukusikia ugomvi wala maneno. Baadaye walitoka na mkokoteni, mgonjwa amelala, macho yamemtoka kwa homa, mjomba ameshika kishikio cha mbele. Hakumwambia sababu. Alimwambia tu twende, na mgonjwa akakubali twende.

Hospitali ndipo dada alipopigana vita yake. Matroni alisema hakuna ndugu anayelala wodini, ni kanuni, wakimruhusu mmoja kesho wataleta na majiko. Akasema, "Hospitali si gesti." Dada akamjibu gesti kuna vitanda, huyu atalala sakafuni. Matroni alimfahamu tangu ujana wao wodini, akamwangalia vile alivyosimama ameegemea ukuta, akasema atakwenda kukagua stoo na asiporudi haraka asilaumiwe.

Daktari alikuwa mgumu zaidi, na sina haki ya kumlaumu. Alikifungua kidonda, akakifunika. Alisema mstari mweusi umeshapita kifundo, unakwenda juu. Alitaka kuingia saa ile ile, amwambie mgonjwa kwa kinywa chake, asaini, apelekwe chumba cha upasuaji.

"Sumu haina mjomba, Mama Mila," alimwambia.

Dada alisimama mlangoni mwa wodi. Alisema, "Ukimwambia leo, atarudi kwao, na kesho utakuwa huna wa kumkata. Nipe asubuhi."

Daktari alimwuliza kama anajua anachoomba. Dada alisema anajua. Alikuwa amefundisha mambo ya vidonda muda mrefu kuliko daktari alivyoishi. Alijua kabisa kwamba usiku mmoja una bei, na kwamba bei hiyo hatalipa yeye. Daktari aliongeza dawa, akaenda zake.

Tulirudi nyumbani. Tulisali. Kwa kawaida dada alisali maneno machache, maana alikuwa akisema Mungu si mkuu wa chuo, hahitaji ripoti. Siku ile alipiga magoti akabaki pale bila kutamka kitu, mpaka nikamwinua mimi.

Asubuhi tulimkuta mjomba ameketi kwenye ukingo wa kitanda, ameshanawa uso. Mgonjwa alikuwa ameinamisha kichwa. Walishaongea. Mzee alitoka akamwambia Kiherehere, ambaye alikuwa amejibanza kwenye kona tangu alfajiri, kwamba mpwa wake ameelewa na amekubali, wafanye kazi yao. Alisema kwa utulivu kama anayetoa baiskeli iliyokwisha kutengenezwa. Kisha akaomba maji ya kunywa, akayanywa hadi mengine yakamwagika kifuani.

Walimkata juu ya goti.

Daktari alipotoka alimkuta dada kwenye benchi la ukumbini. Alivua kofia yake ya kitambaa, akakaa karibu naye. Alimwambia mtu ataishi, isipokuwa litokee la kutokea. Halafu akasema goti huenda lingebaki. Hakulisema kwa ubaya. Naye alikuwa amechoka. Dada alimwuliza kama ni usiku ule wa wodini au ni ule wa nyumbani. Akasema hakuna anayeweza kujua. Dada akatikisa kichwa, na nikajua tangu hapo kwamba yeye ameshachagua jibu lake, na litakuwa lile baya.

Kiherehere alikuja na barua yake ya kuacha chuo, ameikunja ndogo kama dawa ya unga. Dada hakuifungua. Alimwuliza akiacha, Ijumaa nani atasimama mbele ya darasa aseme kanuni tuliyowaimbisha ni mbovu. Binti akasema ni mwalimu mwenyewe. Dada akasema, "Mimi nitasema nilivyokosea kufundisha. Wewe utasema ilivyokuwa ukumbini. Mimi sikuwapo. Sabuni ilianguka mbele yako." Binti akalia, na barua sikuiona tena. Ijumaa ile walisimama wote wawili, na nimeambiwa hakuna mwanafunzi aliyesinzia, ingawa kwa jinsi walivyo, Ijumaa iliyofuata walisinzia kama kawaida.

Mgonjwa alipopata nguvu kidogo dada alikwenda kumjulia hali. Niliandamana naye. Tulipofika kitandani, yule mtu aligeukia ukuta. Hakutujibu salamu. Mkewe aliinama, akajifanya anakunja nguo. Nilipandwa na hasira, Mungu anisamehe, nikawaza kwamba kwa ajili ya mgongo huu dada yangu ameiacha miguu yake ivimbe. Mjomba alikuwa pale, ameanza kuja kila siku. Alitutoa nje kwa upole. Alisema tusikasirike, mtu aliyetamkiwa habari hawatazami usoni waliojua kabla yake mpaka kidonda kikauke, na huyu kidonda chake kitachelewa. Akaongeza kwamba kikikauka atatutazama, kama bado tutakuwa tunahitaji kutazamwa.

Dada akasema, "Mwambie asijisumbue, mjomba. Mimi mwenyewe leo sina nguvu ya kutazamwa."

Mzee alimcheka, akamwita mwalimu, na dada akaitika.

Tulirudi kwa miguu, tukipumzika kila penye kivuli. Nyumbani aliketi kitandani na sare yake, akasema anajinyoosha kidogo, nimwamshe wakati wa sala. Nilipokwenda kumwamsha alikuwa amelala na viatu, mdomo wazi, kama mtoto aliyetoka shambani. Nilifungua kamba. Alama za soksi zilikuwa zimezama kwenye miguu ile, na nilipozibonyeza kwa kidole shimo lilibaki. Hakuamka.

Sikumwamsha. Nilipiga magoti peke yangu nikamwombea yule mtu wa kitanda cha dirishani, kidonda chake kikauke. Nikamwombea mke wake, na yule baba mdogo aliyejifungia ndani bila kosa. Nikamwombea Kiherehere. Nilipofika kwa dada sikujua niombe nini. Kumwombea nguvu niliona ni kama kumwongezea mzigo, maana angeamka nazo, angezipeleka ng'ambo ya reli. Nikaomba tu alale. Kisha nikamfunika miguu, nikaenda kupika.